Gari Limejaa, Hasara Yatoka Wapi?

"Gari limejaa hadi mlangoni, halafu mwatwambia nauli haitoshi?" Neno hili nalisikia kwa abiria, nalisikia kwa wenye matatu ninaowatunzia vitabu vya hesabu, na siku hizi hata kwa jamaa walio Marekani wakilalamikia nauli za treni. Limenichosha.

Gari kujaa saa kumi na mbili asubuhi ni habari ya saa kumi na mbili asubuhi, basi. Simama Daraja la Nyali, hapa Mombasa, alfajiri utazame. Matatu zitokazo Mtwapa, Bamburi na Kisauni kuingia kisiwani zimebanana. Zinazorudi zina dereva, makanga na watu watatu wanaosinzia. Jioni mambo hugeuka. Tuseme viti ni 14 na nauli ni shilingi 50. Kwenda umekusanya 700, kurudi na abiria wanne ni 200. Umechoma mafuta ya tripu mbili, mkononi una 900 badala ya 1,400. Kisha kuanzia saa nne hadi saa tisa gari liko stejini, makanga anapiga debe mpaka sauti yamkauka, na hesabu ya tajiri iko palepale.

Miji mikubwa ina ugonjwa huuhuu. Shirika la umma hununua mabasi na treni, na kuajiri madereva, kwa kipimo cha msongamano wa asubuhi na jioni. Mchana vyombo vingi vimelala depo, mishahara inatembea. Hiyo ni sababu mojawapo ya nauli za New York na Philadelphia kulipa chini ya nusu ya gharama za uendeshaji. Sehemu kubwa ya zilizobaki hutoka kwenye kodi. Korona ilipowabakiza watu wa ofisini majumbani, Washington ilitoa fedha za dharura, nazo zikaisha. Mwaka 2025 SEPTA, shirika la Philadelphia, lilikuwa na pengo la dola milioni 213. Agosti likakata safari, Septemba nauli ya basi ikafika dola 2.90. Safari zilirudishwa kwa kuruhusiwa kutumia fedha zilizotengewa vifaa na miundombinu. Mwenye matatu anayenunua dizeli kwa pesa ya tairi anaujua mwisho wake.

Nikishaeleza hivi, mteja wangu mwenye matatu hunijibu: "Basi tukate tripu za mchana." Hapo ndipo huweka kalamu chini. Mama anayeuza soko la Kongowea huenda alfajiri na kurudi saa sita. Akikosa gari la kurudi siku mbili tatu, atapatana na mtu wa tuktuk amchukue kwenda na kurudi, na ile nauli ya alfajiri uliyoiona ya uhakika imeondoka naye.

Madai mengine nayapitia mbio.

"Mafuta yakishuka, nauli ishuke." EPRA, mamlaka ya serikali inayosimamia nishati, hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, lakini tairi, bima na mkopo wa gari hazifuati tangazo hilo. Ila mafuta yakipanda nauli hupanda usiku uleule, na hapo abiria ana haki ya kununa.

"Kaunti ndiyo hupanga nauli." La. Hupangwa na Sacco, yaani vyama vya ushirika vya matatu, na wenye magari. Kumpigia gavana kelele ni kupoteza mate.

"Kupandisha nauli jioni ni ujambazi wa matatu pekee." London nako treni za chini ya ardhi zina nauli ya juu siku za kazi, saa kumi na mbili na nusu hadi tatu na nusu asubuhi, na saa kumi hadi saa moja jioni. Tofauti ni kwamba kule yajulikana mapema. Huku makanga hukutajia ukishakaa na gari limeondoka. Bandikeni nauli mlangoni, jamani! Nimeyasema haya kwenye kila mkutano wa Sacco, na kila mara hujibiwa kwamba karatasi itabanduka.

"Feri ya Likoni ni bure." Kwa aendaye kwa miguu, naam, halipi kitu. Magari hulipa, na kwa miaka mingi serikali imekuwa ikijazia kwa ruzuku. Yaani hata mlipa kodi wa Turkana asiyewahi kuiona bahari amekuchangia kuvuka.