Benki nayo ni mteja wangu

Mwezi uliopita nilipigiwa simu saa mbili usiku. Sauti ya nyumbani, salamu ndefu, habari za watoto, habari za baridi, kisha: "Sasa wakili, kuna kitu kidogo, ila kibaki kati yetu. Benki isijue." Nikamkatiza hapo hapo. Najua kumkatiza mtu aliyekusalimu vizuri namna ile ni utovu wa adabu, lakini angemaliza sentensi yake ningekuwa nimeshajua, na nikishajua hakuna tena "kati yetu".

Ilikuwa mara ya nne mwaka huu, ndiyo maana naandika.

Kazi yangu ni kuhamisha milki za nyumba hapa Uingereza, na wateja wangu wengi ni watu wa kwetu wanaonunua nyumba ya kwanza. Karibu wote wanakuja na imani moja: wakili namlipa mimi, basi ni wangu peke yangu, na kazi yake ni kunikinga na benki. Sivyo. Ukinunua nyumba kwa mkopo England na Wales, kwa kawaida wakili mmoja anawahudumia wawili, wewe na benki inayokukopesha. Bili unalipa wewe, lakini benki ni mteja kamili kama ulivyo wewe, na siku ya kukamilisha ununuzi, pesa yake inapita kwenye akaunti yangu. Kabla haijaitoa inanitaka nitie saini cheti kwamba hati ni safi na kwamba nimefuata maelekezo yake.

Maelekezo hayo hayakufichwa. Yako kwenye mwongozo wa UK Finance, chama cha mabenki na wakopeshaji, wazi kwenye intaneti, waweza kuusoma usiku huu kama huna usingizi. Sehemu ya kwanza ni ya benki zote zinazoutumia, na ya pili ni majibu ya kila benki kwa maswali yale yale. Hapo ndipo vichekesho vinapoanza: kwa fleti ile ile, benki moja inaridhika na miaka iliyobaki kwenye lisi, yaani mkataba wa kuimiliki kwa muda maalumu, jirani yake anaikataa.

Sasa hili la siri, ambalo linanikera kuliko mengine yote. Watu wananiambia, "Lakini wakili ana kiapo cha kutunza siri." Ndiyo, nina wajibu wa kutunza siri yako. Nina pia wajibu wa kumweleza mteja wangu jambo lolote linaloweza kubadili uamuzi wake wa kukopesha, na mteja huyo ni benki. Mambo haya mawili yakigongana sichagui ninavyopenda. Nakuomba ruhusa ya kuieleza benki. Ukikubali, naandika barua. Ukikataa, siwezi kuitoboa siri yako, lakini narudisha maelekezo ya benki na kusema siwezi kuendelea kwa sababu ya mgongano wa maslahi. Huko benki kuna watu wenye akili zao. Ungekuwa wewe ndiye uliyepokea barua kama hiyo, ungetoa paundi laki mbili?

Kuna kesi ya Mahakama ya Rufaa ambayo kila mmoja wetu aliisoma shuleni, Mortgage Express dhidi ya Bowerman, imo kwenye ripoti za sheria za 1996. Mnunuzi alikuwa ananunua fleti kwa paundi 220,000. Wakili, aliyekuwa anawatumikia mnunuzi na mkopeshaji, akagundua kwamba muuzaji mwenyewe alikuwa anaipata fleti hiyo hiyo kwa 150,000. Hakusema. Mkopo ukaharibika, mkopeshaji akamdai wakili, akashinda. Baada ya hapo, ukiniambia "hii haiwahusu", usishangae nikikunja uso.

Leo mwongozo unataka nitoe taarifa mara moja nikikuta muuzaji ameandikishwa kuwa mmiliki kwa muda usiofika miezi sita. Huenda aliirithi, huenda aliikarabati, sawa, kuna maelezo. Lakini taarifa nitatoa.

Tuje kwenye malipo ya awali, maana hapa ndipo sisi tunapojichongea. Natakiwa nikuulize pesa isiyotoka kwenye mkopo inatoka wapi, na kama si yako benki ijue. Mbali na benki, kuna kanuni za 2017 za kuzuia utakatishaji wa fedha. Mteja ananiletea taarifa ya akaunti yenye paundi 9,000 zilizoingia kwa mafungu ya taslimu. Za nini? "Za mchezo." Najua mchezo ni nini, mama yangu alikuwa mweka hazina wa upatu mtaani kwetu. Mchezo si haramu na si aibu. Kosa ni kuandika "akiba" ukidhani umerahisisha mambo, wakati taarifa zako za miezi ya nyuma hazionyeshi akiba yoyote. Leta daftari. Leta majina ya wachezaji, zamu, kiasi cha kila mwezi, na miamala uliyokuwa unawatumia wenzako. Faili lenye daftari la mchezo lililopigwa picha vizuri linapita kuliko faili lenye uongo nadhifu.

Halafu zawadi. Mjomba yuko Tanga, kauza kiwanja, kamtumia mpwa wake pesa. Nataka mkataba wa kile kiwanja, kitambulisho cha mjomba, ushahidi wa pesa kuingia kwake na kutoka kwake, na barua yake kwamba ni zawadi, si mkopo, na kwamba hadai sehemu yoyote ya nyumba. Nauliza: atarudishiwa? Jibu ni kicheko. "Si lazima, ila unajua mambo ya kifamilia." Najua sana! Zawadi yetu ina kamba ndefu. Leo mjomba hadai kitu, mwaka kesho mtoto wake anakuja kusoma na chumba cha juu ni chake. Huyo kijana, kama ana miaka 17 au zaidi na atakuwa anaishi humo siku ya kukamilisha, kwa kawaida benki inataka atie saini kwamba haki yoyote atakayokuwa nayo itakaa nyuma ya rehani yake, na huenda akahitaji wakili wake mwenyewe wa kumshauri. Mama mkwe naye vivyo hivyo.

Nikiri hapa jambo ambalo vitabu havilisemi. Barua ya zawadi ikishasainiwa, mimi sina mizani ya kupima moyo wa mjomba. Nauliza mara mbili, naandika alichojibu, naamini. Na nikiwa peke yangu najiuliza kama mtu mmoja anaweza kweli kuwatumikia mabwana wawili. Wanaoutetea mfumo huu wanasema unaokoa muda na gharama, na ni kweli, maana benki ikiweka wakili wake mara nyingi unalipa wewe mawakili wawili na barua zinazunguka kwa wiki. Bado sijashawishika kabisa. Mara nyingi maslahi yenu yanalingana, ninyi nyote mnataka hati safi. Ni zile siku chache yasipolingana ndipo usingizi unapotea.

Kuhusu kumchagua wakili, swali la kwanza si bei. Uliza: "Uko kwenye paneli ya benki yangu?" Paneli ni orodha ya mawakili ambao benki inawakubali. Baadhi ya benki hazitaki ofisi ya wakili mmoja, nyingine zinadai ofisi iwe na CQS, ithibati ya ubora wa kazi hii inayotolewa na Law Society, chama cha mawakili. Taja jina kamili la benki iliyo kwenye ofa ya mkopo. Uliza kabla hujalipa hata senti, kwa sababu kubadili wakili katikati ni kuanza upya. Bei utaziona: tangu Desemba 2018 ofisi zinazosimamiwa na SRA, mamlaka ya kusimamia mawakili, zinatakiwa kuonyesha bei za kazi hii. Wakili aliyeletwa na dalali si lazima awe mbaya, ila huenda dalali analipwa kwa kukuleta, na wakili anatakiwa akuambie hivyo na kiasi chenyewe. Muulize pia ni nani hasa atakayeshika faili lako na anashika mangapi. Akisitasita, umejibiwa.

Wanaokwepa riba na kutumia mpango ambao benki inainunua nyumba pamoja nanyi, haya ya wakili mmoja kwa wawili msiyabebe kama yalivyo. Huko benki kwa kawaida ina wakili wake, na mawakili wanaoujua mpango huo ni wachache. Mtafuteni mapema.

Upekuzi wa kumbukumbu za halmashauri kuhusu nyumba usizidi umri wa miezi sita siku ya kukamilisha, kodi ya ununuzi iwasilishwe ndani ya siku 14 (Wales ni 30). Hayo ni yangu, we usihangaike nayo.

Yule wa saa mbili usiku alikata simu na kinyongo kidogo. Asubuhi akapiga tena, akaniruhusu niseme. Kitu chenyewe kilikuwa kwamba muuzaji amemwahidi kumrudishia paundi 3,000 taslimu za kutengeneza jiko. Ilitosha kuandika barua ya ukurasa mmoja. Benki ikajibu baada ya siku nne: bei ihesabiwe pungufu ya hizo 3,000, mkopo ubaki ulivyo. Jiko, naambiwa, bado halijaguswa.