Mkataba na mteja wa ng'ambo: yanayosemwa Tanga na ukweli wake

Lori la machungwa ya Muheza linavuka mpaka wa Horohoro kwenda Kenya, marobota ya mkonge yanapakiwa bandarini, iliki ya Amani inakwenda Muscat. Tanga inafanya biashara na nje kila siku, na mara nyingi karatasi ya biashara hiyo ni ukurasa mmoja uliosainiwa juu ya boneti ya gari. Hizi ni kauli tunazozisikia zaidi pale mtu anaposhauriwa ampe wakili mkataba aukague kwanza.

"Tunajuana. Kuandikiana ni kutoaminiana."

Aya ya 282 ya Suratul Baqara, ambayo wafanyabiashara wengi wa Ngamiani waliisoma madrasa, inaamrisha deni la muda liandikwe, mwandishi awe mwadilifu na wawepo mashahidi wawili. Mzigo unaoondoka leo ukalipwa baada ya siku 30 ni deni la muda, hata kama mnunuzi ni mtoto wa shangazi yako.

Kisheria, mkataba wa mdomo unaweza kukubalika Tanzania chini ya Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 inatambua makubaliano ya kwenye simu na barua pepe. Kazi ngumu ni kuthibitisha mlikubaliana nini hasa. Ujumbe wa sauti unaosema "nitumie lori moja la machungwa" hausemi ni machungwa mangapi, ya ukubwa gani, nani atahesabu, wala hasara ni ya nani yakiharibika kwenye foleni ya mpakani.

"Wakili ni wa kesi. Nitamwita mambo yakiharibika."

Hii ndiyo dhana inayoumiza watu zaidi. Kabla hujasaini unaweza kusema "kipengele hiki sikikubali" na mwenzako akakibadilisha, kwa sababu bado anautaka mzigo wako. Ukishasaini, wakili atakusomea tu ulichokwisha kukubali.

Usimpelekee mkataba peke yake. Mpe viambatisho vyote, ankara ya awali, barua pepe na ujumbe wa WhatsApp wenye ahadi za bei na ubora. Mikataba mingi ya kigeni, karibu na mwisho, ina sentensi inayosema kwamba maandishi haya yanafuta mazungumzo yote yaliyotangulia. Kama ahadi ya malipo ya awali ya asilimia 30 ilibaki WhatsApp na haikuingizwa kwenye mkataba, sentensi hiyo imeifuta. Wakili ambaye hajaona WhatsApp yako hawezi kujua kuna kitu kimepotea.

"Wakili wangu wa hapa Chumbageni anatosha."

Anatosha kwa nusu ya kazi. Ataona vipengele vinavyogongana, ataangalia sheria za Tanzania za kusafirisha bidhaa hiyo, ataandika upya palipo na utata. Lakini wakili wa Tanzania hana mamlaka ya kukuhakikishia sheria ya Kenya, Oman au China inasemaje. Swali hilo lijibiwe na wakili wa huko, na wa kwako amwandikie maswali mahususi, matatu au manne, ili usilipie ushauri mrefu usioutumia.

Swali la kwanza liwe hili: anayesaini ni nani, na je, anaruhusiwa kusaini? Kwa kampuni ya Kenya, omba nakala mpya ya CR12 kutoka kwa msajili wa kampuni. Inaonyesha wakurugenzi na wenye hisa. Kama aliyekuja Tanga na kalamu hayumo, dai barua ya bodi inayompa idhini.

China inahitaji uangalifu wa pekee. Jina la Kiingereza la kampuni ya China halina usajili. Jina la kisheria ni lile la Kichina lililo kwenye leseni ya biashara, pamoja na namba yake ya utambulisho yenye tarakimu na herufi 18. Vyote viwili viandikwe kwenye mkataba. Na huko muhuri rasmi wa kampuni una uzito mkubwa sana, kwa hiyo saini nzuri isiyo na muhuri ikufanye usimame na kuuliza. Linganisha pia jina la mwenye akaunti ya benki na jina la kwenye leseni. Yakitofautiana, usitume fedha.

"Niandike tu kwamba kesi itasikilizwa Tanga, nitakuwa salama."

Unaweza kushinda Mahakama Kuu hapa Tanga na bado usipate hata shilingi. Hukumu hukamata mali, na mali ya mdaiwa iko kwao. Kwa mdaiwa wa Kenya kuna njia: sheria ya Kenya ya kutekeleza hukumu za kigeni inaitaja Tanzania miongoni mwa nchi ambazo hukumu zake zinaweza kusajiliwa huko. Usidhani kila nchi ina mlango kama huo.

Ndiyo maana mikataba mikubwa hupeleka migogoro kwa msuluhishi, yaani mwamuzi binafsi anayekubaliwa na pande zote, badala ya mahakama. Mkataba wa New York wa 1958 unazitaka nchi wanachama zitambue na kutekeleza tuzo (yaani maamuzi) za wasuluhishi zilizotolewa nchi nyingine. Tanzania ilijiunga 1964. Kenya, India, China, Oman na Falme za Kiarabu nazo zimo. Kwa hiyo kwa madai makubwa, tuzo husafiri vizuri kuliko hukumu.

Ila kipengele chenyewe kiwe kamili. "Migogoro itatatuliwa kwa usuluhishi" haitoshi: mtaanza kugombania mahali pa usuluhishi kabla hamjagusa deni. Taja taasisi itakayosimamia, mji ambao kisheria ndio makao ya usuluhishi, idadi ya wasuluhishi, lugha, na sheria itakayotawala mkataba. Ukiandika "Dubai" peke yake umeacha pengo, kwa sababu ndani ya Dubai kuna eneo la kifedha la DIFC lenye mahakama zake zinazotumia Kiingereza, na nje ya eneo hilo mahakama zinaendeshwa kwa Kiarabu.

Na tuseme wazi: kwa lori la machungwa, usuluhishi wa kimataifa haufai kabisa. Gharama itaumeza mzigo. Hapo kinga yako ni ratiba ya malipo, fedha iingie kabla lori halijavuka mpaka.

"Nimeuza CIF, basi mzigo ni wangu mpaka ufike."

Sivyo. Kwa Incoterms 2020, kanuni za kimataifa za masharti ya uuzaji, muuzaji wa CIF analipa nauli na bima hadi bandari ya mwisho, lakini hatari inahamia kwa mnunuzi mzigo unapopakiwa melini kwenye bandari ya kuondokea. Marobota ya mkonge yakilowa njiani, mnunuzi ndiye anayedai bima.

Lakini ukurasa wa kwanza unaweza kusema CIF, na ukurasa wa saba ukasema hatari itahama baada ya mnunuzi kukagua na kupokea mzigo kwenye ghala lake. Ukisaini hivyo, umebeba safari nzima mgongoni. Mgongano wa namna hii hauonekani kwa msomaji wa haraka. Angalia pia bima: kiwango cha chini cha CIF ni vifungu C vya bima ya mizigo, ambavyo havilipi wizi.

"Nalipwa kwa LC, benki itakagua."

LC ni ahadi ya benki kumlipa muuzaji akileta hati zilizokubaliwa. Benki inakagua karatasi, haigusi mzigo. Chini ya kanuni za kimataifa za LC, ziitwazo UCP 600, ina siku 5 za kazi za kibenki kuzipitia, na kwa kawaida hati ziwasilishwe ndani ya siku 21 tangu kupakia. Maelezo ya bidhaa kwenye ankara yasipolingana na LC, malipo yanakwama. Hivyo rasimu ya LC isomwe sambamba na mkataba, daraja la mkonge liandikwe vilevile kote.

"Nimeshasaini, kazi imekwisha."

Weka saini fupi kila ukurasa, viambatisho vikiwemo, maana ukurasa usio na saini ni rahisi kubadilishwa. Kama mkataba uko katika lugha mbili, useme ni ipi itakayotawala. Wa Kiarabu au Kichina usomewe na mtafsiri uliyemlipa wewe, asiwe wa upande wa pili. Uliza kuhusu ushuru wa stempu, kwa sababu hati inayotakiwa kuulipia haipokelewi mahakamani kama ushahidi mpaka ushuru na adhabu vilipwe.

Kisha andika tarehe ya mwisho ya kudai. Tanzania na Kenya madai ya mkataba yana miaka 6. Ukichagua sheria ya China kwa mauzo ya kimataifa ya bidhaa, ni miaka 4.