Uchungu kabla ya wakati: je, mtoto anakuja wiki hii?

Mama mwenye mimba ya wiki 29 akifika wodini tumbo likikaza na kuachia, jambo la kwanza ninalotaka kujua ni kama atajifungua ndani ya siku 7 zijazo. Wengi wanaopata uchungu kabla ya wiki 37 hawajifungui wiki hiyo. Wapo hata wanaofikisha miezi yao. Kazi ni kumtambua yupi ni yupi, maana ukali wa maumivu peke yake hautoshi.

Siku hizo 7 zina sababu yake. Sindano za deksamethasoni, miligramu 6 kila baada ya saa 12 hadi zitimie nne, hukomaza mapafu ya mtoto, ila humfaa zaidi akizaliwa kati ya saa 24 na siku 7 tangu sindano ya kwanza. Utafiti wa Shirika la Afya Duniani uliochapishwa 2020, uliofanyika katika hospitali za Kenya, Nigeria, India, Pakistani na Bangladeshi, ulionyesha kuwa sindano hizi zilipunguza vifo vya watoto wachanga kutoka asilimia 23.5 hadi 19.6. Ukichoma mapema mno, faida inapungua. Ukichelewa, njiti anazaliwa na mapafu machanga.

Mimi huanza na shingo ya kizazi. Kuipima vizuri kwa altrasaundi, kifaa huingizwa ukeni, kibofu kikiwa kitupu. Akina mama wengi hushtuka, kwa hiyo namweleza mama kabla hajapanda kitandani kwamba kifaa hakimfikii mtoto wala hakianzishi uchungu. Shingo ikizidi milimita 30, napata utulivu. Ikiwa chini ya milimita 15, naanza sindano na kuhakikisha kuna nafasi kwenye wodi ya njiti. Katikati ya vipimo hivyo viwili ndipo penye utata, na hapo fibronektini inasaidia sana.

Hii ni protini inayoushikisha utando wa mimba kwenye ukuta wa kizazi, kama gundi. Kati ya wiki 24 na 34 haitarajiwi kuonekana kwa wingi ukeni. Ikiwa chini ya nanogramu 50 kwa mililita, ni mara chache mno mama kujifungua ndani ya wiki moja. Ikiwa juu, watu huogopa kupita kiasi, ilhali wengi wa akina mama hao nao hawajifungui wiki hiyo. Nguvu ya kipimo hiki iko kwenye jibu la "hapana". Tena sampuli ichukuliwe kabla ya kupima njia kwa vidole. Damu, jeli, au tendo la ndoa ndani ya saa 24 zilizotangulia huvuruga majibu.

Kwenye zahanati isiyo na vifaa hivi, mkunga ajue kwanza umri sahihi wa mimba, kisha aangalie kama njia inazidi kufunguka. Chupa ikiwa imepasuka, vidole visiingizwe ovyo, kwa sababu ya maambukizi. Njia ikiwa inafunguka lakini bado kuna muda wa safari, mama apewe rufaa mapema: mtoto husafiri salama zaidi akiwa tumboni kuliko akiwa njiti ndani ya gari. Na kama sindano ya kwanza imeshachomwa, tarehe na saa yake viandikwe kwenye kadi, ili watakaompokea wajue ya pili inatakiwa saa ngapi.