Miguu Inapovimba kwa Sababu ya Tumbo: Ugonjwa wa Ménétrier

Mtu mzima anayekuja na miguu iliyovimba hupimwa kwanza figo, ini na moyo, na ndivyo inavyostahili. Lakini mkojo usipoonyesha protini, ini na moyo vikawa salama, na albumini, protini ya damu inayozuia maji yasivujie nje ya mishipa na kuvimbisha miguu, bado iko chini, mimi huuliza habari za tumbo: maumivu ya chembe cha moyo, kutapika, kupungua uzito.

Ugonjwa ninaoufikiria hapo ni wa nadra; ulipewa jina la Mfaransa Pierre Ménétrier aliyeueleza mwaka 1888, na huambatana na uzalishaji uliopindukia wa protini iitwayo TGF-alfa, ambayo huchochea seli za ute ziongezeke huku zile za asidi zikipungua. Utando wa tumbo hunenepa, na protini za damu huvujia humo.

Kwenye kamera inayoingizwa tumboni kupitia mdomo huonekana mikunjo minene kama ya ubongo, na sehemu ya tumbo iliyo karibu na utumbo mara nyingi husalimika. Picha hiyo peke yake haitoshi, kwani limfoma (saratani ya seli za kinga), saratani ya tumbo inayotambaa ndani ya ukuta wake na hata maambukizi ya bakteria wa tumbo waitwao H. pylori huweza kufanana nayo. Kinyama cha juujuu kinachochukuliwa kwa uchunguzi hakimsaidii mtaalamu wa patholojia, anayehitaji kuona kina chote cha utando. Ndiyo maana napendelea kukata kipande cha mkunjo wenyewe kwa kitanzi cha waya. Alfa-1 antitripsini, protini nyingine ya damu, ikiwa nyingi kwenye choo, tunajua protini inapotelea tumboni au kwenye utumbo.

Kwa watoto, ambao mara nyingi huugua baada ya virusi vya sitomegalo, ugonjwa kwa kawaida hupoa wenyewe. Kwa watu wazima naanza na H. pylori, kwa sababu wapo wanaopona bakteria hao wakishaondolewa, pamoja na lishe yenye protini nyingi. Dawa za kupunguza asidi huandikwa kwa mazoea tu. Kwa mgonjwa ambaye asidi yake tayari ni haba, sioni faida yake.

Dawa yenye ushahidi bora ni setuksimabu, kingamwili ya kutibu saratani ya utumbo mpana, inayoziba kipokezi ambacho TGF-alfa hukitumia. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2009, wagonjwa wote 7 waliomaliza matibabu ya mwezi mmoja walipata nafuu, ingawa baadhi yao baadaye walihitaji upasuaji. Ni ghali, huleta vipele na hushusha madini ya magnesi mwilini. Ikishindikana, au saratani ikishukiwa, tumbo lote huondolewa, na mgonjwa huhitaji vitamini B12 maisha yake yote. Wanaobaki na tumbo lao nawapangia kamera kila mwaka au miwili, kwa kuwa hatari ya saratani kwao ni kubwa kuliko kawaida.