Eti mweusi akiwa mtu mwema kwenye muvi hamna ubaguzi?

Wengi wanadhani ubaguzi kwenye muvi ni mpaka mweusi apewe ujambazi au kuuza unga, akiwa mwema basi freshi. Hapana jamani. Cheki The Legend of Bagger Vance ya 2000, Will Smith anambebea mzungu Matt Damon vijiti vya gofu, anampa mawaidha, anamrudishia swingi yake (ule upigaji wake wa mpira) iliyopotea, mwishoni huyo anaondoka zake na hatujui ana mke, ana ndugu, au hata anadaiwa kodi. Na hiyo ni Georgia ya Marekani miaka ya 1930, weusi wananyongwa na makundi ya wazungu! Spike Lee, yule dairekta mweusi wa Marekani, aliiponda sana, na mi namuunga mkono. We jiulize tu, mbali na shida za steringi, huyu jamaa mwenyewe anataka nini?