Macho Yamekubali, Damu Imekataa

"Daktari, nijibu ukweli," Mwalimu alinisogelea hadi nikasikia harufu ya chai kinywani mwake. "Na wewe wameshakubadilisha?"

Nikamwambia bado. Akanitazama usoni, akaikagua mikono yangu, kisha akaketi. Tukaanza.

Nitamwita Mwalimu tu, na mambo madogo madogo nimeyageuza ili asijulikane. Alistaafu zamani, na anaishi katika mji mmoja mdogo kwenye barabara ya Kisumu kwenda Busia, aina ya mji ambao ukishuka kwenye matatu watu wanajua umekuja kwa nani. Mimi kazi yangu ni kutibu magonjwa ya akili huku Magharibi mwa Kenya. Mwanawe ndiye aliyemleta. Wa kwanza kubadilishwa alikuwa mama watoto. Akafuata mwenye kinu cha kusaga mahindi, wakafuata vijana wawili wa bodaboda pale stegi, na juzijuzi pasta. Sura ni zilezile, nguo ni zilezile, hata kovu la mama watoto kwenye paji la uso lipo mahali pake. "Wamefanya kazi safi," alisema, kama mtu anayesahihisha insha. "Lakini si wao." Na hao waliokuja si wa dunia hii. Aliwaona jioni moja wakipita juu ya vilima vya Maragoli, taa nyuma ya taa, mstari mmoja ulionyooka.

Kabla hujacheka, elewa kwamba taa zile zilikuwepo. Setilaiti za intaneti za Starlink zikisharushwa hupita kwa siku chache zikiwa zimefuatana kama shanga, na nusu ya kijiji ilitoka nje kuzitazama. Jicho la Mwalimu halikumdanganya kuhusu taa, na halikumdanganya kuhusu sura ya mkewe. Hapo ndipo watu wengi wanapokosea wanaposikia habari za ugonjwa huu. Hudhani mgonjwa amesahau nyuso. Hajasahau.

Ugonjwa wenyewe unaitwa kwa jina la Joseph Capgras, daktari Mfaransa aliyeueleza mwaka 1923 pamoja na mwenzake Jean Reboul-Lachaux. Mgonjwa wao alikuwa mama mshonaji wa Paris aliyeshikilia kwamba mumewe na bintiye wamechukuliwa na kuwekewa watu wa mfano wao, si mara moja bali tena na tena, na kwamba chini ya jiji kuna mahandaki yenye watoto waliofichwa. Angalia: yeye wa Paris alipata mahandaki, Mwalimu wetu amepata wageni wa angani. Mgonjwa wa tatu angeniambia majini, na wa nne, wachawi. Maelezo hutoka katika ghala la mtu mwenyewe, yaani yale aliyoyasikia kanisani, redioni au kwenye simu ya mjukuu. Hadithi za viumbe wa sayari nyingine wanaovaa sura za wakazi wa mji mdogo zilivuma Marekani tangu miaka ya 1950, na siku hizi zinafika hadi Luanda yetu ya Vihiga kwa bando la shilingi ishirini. Mimi sishughuliki sana na maelezo hayo. Ninachotafuta ni kile kilichoyafanya yahitajike.

Kiswahili kinanisaidia hapa kuliko vitabu vyangu vya chuo. Tunasema damu zetu zimepatana, au damu yangu imemkataa. Ukimwona mama yako akiingia mlangoni, kuna mambo mawili yanatokea pamoja. Macho yanasema "huyu ni mama," na mwili nao unaitika: moyo unabadilika kidogo, vidole vinatoa jasho dogo mno ambalo huwezi kulihisi ila kipimo kinaliona. Kazi hizo mbili hupita katika njia tofauti za ubongo. Wapo watu ambao jeraha la ubongo limewaharibia njia ya kwanza: hawatambui sura hata ya mke, lakini ukiwawekea kipimo vidoleni, ngozi inaitika kwa sura wanazozijua. Jambo hilo lilipimwa mwaka 1984. Mwaka 1990 watafiti wawili wa Uingereza, Hadyn Ellis na Andrew Young, wakauliza: je, ikiharibika njia ya pili na ya kwanza ibaki nzima? Utamwona mkeo, utamjua kila kunyanzi, na damu itanyamaza kimya. Mwaka 1997 walipopima wagonjwa wa Capgras, ngozi zao hazikutofautisha sura wanazozijua na sura za wapita njia.

Kwa hiyo Mwalimu alikuwa akinieleza kwa usahihi kabisa kile kilichokuwa ndani yake. Macho yamekubali, damu imekataa. Na ndiyo sababu mke hutangulia. Kwa mwenye kinu hutarajii moyo uruke, basi ukimya wake hauonekani. Kwa mtu mliyelala kitanda kimoja miaka arobaini, ukimya huo ni kelele.

Mbona basi mji mzima? Hapo damu peke yake haitoshi. Ukishakubali kwamba kuna walioweza kumwiga mama watoto hadi kovu, kuwaiga vijana wa boda ni kazi ndogo. Na Mwalimu ni mtu wa mantiki, alifundisha hesabu. Tena kuna watu wenye majeraha ya sehemu ya mbele ya ubongo ambao ngozi zao haziitiki na hawamshuku mtu yeyote. Lazima basi kitu cha pili kiwe kimeharibika, ule uwezo wa kulipima wazo na kulitupa, na wengi wetu tunaamini unategemea sana upande wa kulia wa mbele. Yeye mwenyewe angeuita mkaguzi wa shule. Mkaguzi akiwa likizo, kila jibu linapata alama ya vema. Sitadai kwamba kila kitu kimeelezwa, maana wapo vipofu waliopata ugonjwa huuhuu kwa kusikia sauti.

Kwa Mwalimu, sauti ilikuwa salama. Niligundua hilo kwa bahati, na sasa nawafanyia wengine makusudi. Mkewe alikuwa nje chini ya mti, hakuthubutu kuingia. Nikamwomba, "Mama, mpigie simu." Simu ikalia mfukoni mwa mzee, akaipokea, uso ukamfunguka kama dirisha. "Mama watoto! Uko wapi siku zote hizi? Fanya haraka urudi, kuna mtu hapa anatembea na sura yako." Mwanawe aligeuka akatazama ukutani. Sikuwa na la kumwambia wakati ule. Njia ya sauti kwenda kwenye hisia si ile ya sura, inaweza kubaki nzima.

Kisha nikauliza maswali ambayo familia haikuyatarajia. Anarusha mateke usingizini? Ndiyo, miaka mingi, hata amewahi kumpiga mkewe akiota. Mikono inatetemeka? Kidogo. Kuna siku anakuwa mzima kabisa na kesho yake amepotea? Ndiyo. Anaona watu? "Watoto wadogo," akajibu yeye mwenyewe, "wanakaa kwenye kochi, hawana shida." Mkusanyiko huo unaelekeza kwenye dimenshia ya Lewy, ugonjwa wa ubongo unaompotezea mtu akili polepole, na humo Capgras si mgeni. Hutokea pia katika skizofrenia, kifafa na majeraha ya kichwa, na kwa mzee aliyebadilika ghafla mimi huanza na malaria, mkojo, sukari na chumvi za damu kabla ya kutaja neno akili. Nilimwondolea vidonge vya mafua alivyokuwa akivimeza ili alale; vya aina ile huvuruga zaidi ubongo wa mzee. Na nikaandika kwa herufi kubwa kwenye kitabu chake: ASIPEWE HALOPERIDOLI. Ndiyo dawa ya magonjwa ya akili inayokuwa karibu katika kliniki nyingi, na mgonjwa wa Lewy inaweza kumkausha kama gogo, hata kumuua.

Jambo moja sikulipitia haraka. Nilimuuliza kama amejiandaa kujilinda dhidi ya hao waliobadilishwa. Akanyamaza. Mwanawe alipofika nyumbani alitoa panga chini ya godoro. Mke anayeonekana ni mwizi wa sura ya mke yuko hatarini, na hilo halipunguzwi na upendo wa zamani.

Hatari ya upande wa pili naiogopa zaidi. Oktoba 2021 huko Marani, Kisii, wanawake wanne wazee waliuawa wakiitwa wachawi, na mwaka 2008 katika eneo hilohilo la Kisii waliuawa watu kumi na mmoja. Mzee anayetangatanga usiku, anayeongea na watoto wasioonekana, anayewaambia majirani kwamba wao si wao, hana umbali mrefu kufikia neno hilo. Nilimwandikia chifu barua, nikaongea na pasta kwa simu. Pasta alikuwa ameudhika kidogo kwa kubadilishwa, lakini alielewa.

Nyumbani niliwakataza kubishana. Kumwonyesha kitambulisho au picha za harusi ni bure, macho yake hayana tatizo. Mama akienda sokoni, akirudi aanze kuongea akiwa bado getini, aimbe akitaka, sauti iingie kabla ya sura.

Nilipowatembelea mwezi uliofuata nilimkuta kwenye kiti chake nje. Wimbo wa kanisani ulikuwa ukikaribia kutoka barabarani. Akasimama kwa taabu kumfungulia. "Umekuja," akamwambia, akimpokea kikapu. "Yule mwingine ametoka sasa hivi." Halafu akaniinamia sikioni: "Anapika vizuri, lakini usimwambie huyu."