Roboti za Kupanga Nyuzi Hazipigi Picha Galaksi

Imekuwa kawaida sasa, katika mazungumzo ya walimu wa sayansi hapa Mtwara na hata redioni, kusikia kwamba huko Marekani kuna roboti 5,000 zinazopiga picha galaksi za mbali na kuzituma kwa faiba. Idadi ni sahihi. Yaliyobaki yamepinduliwa.

Upangaji wa nyuzi kwa roboti ni utaratibu wa kuziweka ncha za nyuzi za kioo, kila moja mahali pake, kwenye uso ambao darubini hukusanyia taswira ya anga, ili kila uzi upokee mwanga wa galaksi moja na kuufikisha kwenye spektrografu, chombo kinachoutawanya mwanga huo katika rangi zake.

Chanzo cha mkanganyiko ni hiyo faiba, yaani uzi wa kioo. Mei 2024, nyaya za baharini zilipokatika na intaneti ikazorota nchi nzima, kila mtu alijifunza kuwa faiba hubeba ujumbe. Lakini mwanga unaopita katika nyaya hizo hutengenezwa na mtambo, nao ni mbebaji tu, kwa hiyo mwanga mwingine wowote wa aina hiyo ungeifanya kazi ileile. Ndani ya uzi wa darubini hakuna ujumbe uliopakiwa na mtu. Kinachopita humo ni mwanga wa galaksi yenyewe, uliosafiri pengine mabilioni ya miaka, na huo ndio unaopimwa. Katika mradi wa DESI, wenye hizo roboti 5,000, uliofungwa kwenye darubini ya Mayall yenye kioo cha mita 4 huko Kitt Peak, Arizona, safari ya uzi huishia kwenye chumba cha spektrografu ndani ya jengo hilohilo, baada ya mita 50 hivi.

Picha, kwa upande wake, zilikwisha kupigwa kabla, kwa kamera za darubini kadhaa. Kutokana nazo ndipo wataalamu walipoandaa orodha ya galaksi na mahali pa kila moja angani. Kisichopatikana kwa urahisi katika picha ni umbali. Huo hukadiriwa kwa kuangalia ni kiasi gani mistari ya spektra (yaani rangi hizo zilizotawanywa) imesogea kuelekea wekundu, kwa sababu ulimwengu unapopanuka huyavuta pia mawimbi ya mwanga yanayosafiri ndani yake.

Wala roboti hizo hazigeuzi darubini, maana darubini ina mitambo yake ya kuigeuza. Kila roboti ni kijiti chenye mota mbili, moja kama bega na nyingine kama kiwiko, kinachoweza kuusogeza uzi wenye kiini cha mikromita 107 ndani ya duara la milimita chache tu. Kwa kuwa maduara ya majirani yanaingiliana, programu hupanga mapema nani apite wapi ili vijiti visigongane. Kisha nyuzi humulikwa kutoka upande wa pili, na kamera hukagua kama kila ncha imefika. Baadhi huelekezwa makusudi mahali pasipo na kitu, ili mng'ao wa anga letu upimwe na kuondolewa katika hesabu.

Kabla ya hapo kazi hii ilifanywa kwa mikono au kwa roboti moja. Mradi wa Sloan, New Mexico, ulitoboa mabamba ya alumini, na mafundi wakachomeka nyuzi 640 tundu kwa tundu kwa kila bamba. Waaustralia, kwa chombo chao cha 2dF, walitumia roboti moja iliyoinua vitufe vya sumaku kimoja kimoja hadi 400, huku kundi la pili la nyuzi likiendelea kutazama anga. Tofauti ya DESI, iliyoanza upimaji wake mkuu mwaka 2021, ni kwamba nyuzi zote husogea pamoja.

Hata hivyo, Kitt Peak haiyaoni Mawingu ya Magellan, galaksi mbili ambazo mvuvi wa Mikindani huweza kuziona upande wa kusini usiku usio na mwezi. Anga hilo ni la 4MOST, chombo kingine cha aina hii kilichoko Chile, ambayo nyuzi zake zaidi ya 2,400 zimeshikwa na miiba inayoinama, bila bega wala kiwiko.

Kwa hiyo mtangazaji anayezipenda zile roboti 5,000 abaki nazo. Aseme tu kwamba zinapanga nyuzi, na faiba aitaje kama njia ya mwanga kwenda kwenye spektrografu, si ya kutumia picha.